Plovdiv: Mji Ulioshuka Mlimani

Anayetaka kuiona Ulaya bila kuuza shamba hupewa ushauri uleule: achana na Paris na London, nenda mashariki, tafuta miji ambayo majina yake hayajazoeleka. Mmoja wa miji inayotajwa sana katika ushauri huo ni Plovdiv, mji wa pili kwa ukubwa nchini Bulgaria, wenye wakazi zaidi ya 300,000, ulioko kama kilomita 150 kusini-mashariki mwa Sofia. Msafiri huambiwa mambo mawili juu yake. La kwanza ni kwamba chakula, malazi na nauli ni nafuu. La pili ni kwamba juu ya vilima vyake kuna nyumba za kale zilizopakwa rangi, magofu ya Kirumi na vichochoro vya mawe ambavyo mtu anaweza kuvizunguka kutwa nzima. Mambo haya husimuliwa kana kwamba yamekutana kwa bahati: mji umependeza, na kwa faida ya mgeni bei zake hazijapanda. Mimi nasema hayakukutana kwa bahati. Unafuu wa Plovdiv na kudumu kwa nyumba zake vina chanzo kimoja, nacho ni fedha kuhama, kwanza kutoka mlimani kwenda bondeni, kisha kutoka mji huo kwenda mji mwingine. Msafiri akiijua habari hiyo, hataiona tena Plovdiv kama ilivyo kwenye vipeperushi vya watalii.

Mji wenyewe ni mkongwe kwa kipimo chochote. Kwenye kilima cha Nebet Tepe watu waliishi miaka elfu kadhaa kabla ya Kristo. Mwaka 342 KK, Filipo wa Pili wa Makedonia, baba yake Aleksanda Mkuu, aliuteka akaupa jina lake, Philippopolis. Warumi wakaupanua hadi uwandani, Wagothi wakauteka na kuupora mwaka 250 au 251, na Waosmani walipouchukua katika karne ya 14 wakauita Filibe. Kila aliyekuja alijenga juu ya aliyetangulia, na mahali pa kuliona jambo hilo kwa karibu ni kiwanja cha Dzhumaya, katikati ya mji. Hapo ardhi imefunguliwa, na mtu akiinama kwenye kizuizi anaona chini yake safu za viti vya marumaru zilizopinda: ni kichwa cha uwanja wa mbio wa Kirumi wa karne ya 2. Pembeni yake umesimama msikiti wa Ijumaa wa enzi za Waosmani, na mnara wake umepambwa kwa matofali mekundu. Uwanja wenyewe, wenye urefu wa kama mita 240 na uliochukua watazamaji wapatao 30,000, unaendelea chini ya barabara kuu ya maduka, na baadhi ya maduka hayo yana mabaki ya kuta zake katika vyumba vya chini. Lakini Warumi tuwaache hapo kwa sasa. Kinachompandisha mgeni mlimani hasa ni nyumba za karne ya 19, na nyumba hizo zilijengwa kwa fedha za sufu.

Sufu hiyo ilitoka kwa kondoo wa milima ya Rhodope, inayoonekana kusini mwa mji. Wanawake wa vijijini walisokota na kufuma. Kitambaa kikapelekwa kwenye vinu vya maji na kupondwapondwa hadi nyuzi zikashikana, kikawa kizito kisichopitisha baridi. Kitambaa hicho kiliitwa aba. Mafundi wa mjini walikikata na kukishona kuwa makoti, suruali na majoho ya watu wa kazi: wachungaji, wapagazi, mabaharia, askari. Wafanyabiashara na mafundi wa aba wa Plovdiv walikuwa na chama chao chenye daftari lililoanza kuandikwa mwaka 1685, kwa Kigiriki, likaendelea hadi katikati ya karne ya 19. Vyama vya namna hiyo, katika miji yote ya Milki ya Osmani, ndivyo vilivyoamua nani aingie kazini na nani atoke: kijana alianza kwa kufagia na kutumwa, akawa msaidizi wa fundi, na hakufungua duka lake mpaka wakubwa wa chama wamkubali. Daftari lililodumu zaidi ya karne moja na nusu si jambo dogo. Linatuonyesha kwamba utajiri wa mji huu haukuwa zawadi ya sultani wala mavuno ya mwaka mmoja mzuri. Ulikuwa kazi iliyopangwa, yenye kanuni, kumbukumbu na warithi.

Soko la aba lilifika mbali kuliko mtu angedhani. Istanbul na Anatolia zilikuwa karibu. Mbali zaidi ilikuwa India. Alexios Argyris, mfanyabiashara Mgiriki mzaliwa wa Philippopolis, alifika Bengal katikati ya karne ya 18, akawa miongoni mwa walioanzisha jumuiya ya Wagiriki ya Kolkata, na akafariki nchini humo mwaka 1777. Wengine wa mji wake walimfuata. Kwa hiyo mji huu ulio mbali na pwani, katikati ya Balkani, ulikuwa na watu wake kwenye biashara ya Bahari ya Hindi, bahari ileile iliyoijenga Mombasa na Zanzibar. Kisha likaja jambo lililoifanya aba kuwa mali ya serikali. Mwaka 1826 Sultani Mahmud wa Pili aliliangamiza jeshi la Janissari na kuunda jeshi jipya la mtindo wa Ulaya, na jeshi la namna hiyo huvaa sare. Maelfu ya askari walihitaji kitambaa kizito kila mwaka. Ukoo wa Gümüşgerdan wa Plovdiv ulishika sehemu ya kazi hiyo: ukagawa sufu na kazi kwa vijiji vya Rhodope, ukakusanya kitambaa na nguo, ukaiuzia serikali, na mwaka 1848 ukajenga kiwanda chake katika kijiji cha Dermendere, karibu na mji. Miaka ya nyumba nzuri za mlimani ndiyo miaka hiyohiyo, tangu 1826 hadi katikati ya karne.

Nyumba hizo zinastahili kutazamwa taratibu. Mtaa ni mwembamba na kiwanja ni kidogo, kwa hiyo ghorofa ya chini hufuata mpindo wa njia, na ghorofa ya juu hutokeza nje juu ya vichwa vya wapita njia, ikishikiliwa na miti iliyopindwa, ili ipate umbo kamili la mraba. Ndani, katikati, kuna ukumbi mpana unaofungua vyumba pande zote, na dari ya mbao iliyochongwa umbo la jua lenye miale. Nyumba ya Stepan Hindliyan, tajiri wa Kiarmenia aliyefanya biashara hadi India, ilijengwa kati ya 1835 na 1840. Wachoraji wawili kutoka mji wa Chirpan, Moko na Mavrudi, walijaza kuta zake kwa mapambo na picha za miji ya mbali, Istanbul na Venice zikiwamo. Ina bafu la marumaru la mtindo wa Kituruki, na ukutani kuna chemchemi ndogo iliyotiririsha maji ya waridi. Nyumba ya Argir Koyumdzhioglu, mfanyabiashara wa aba aliyekuwa na duka la jumla Vienna, ilijengwa mwaka 1847 na fundi aliyeitwa Hadji Georgi. Ina madirisha zaidi ya 130 na paji lililopinda kama wimbi, na leo ni jumba la makumbusho ya utamaduni. Mshairi wa Kifaransa Lamartine, aliyekuwa akirejea kutoka safari yake ya mashariki mwaka 1833, alilala katika nyumba nyingine ya mlima huu. Waliojenga hapa walikuwa Wagiriki, Wabulgaria na Waarmenia, na wote walijenga kwa mtindo mmoja, kwa sababu walikuwa na mafundi walewale na chanzo kilekile cha fedha.

Chanzo hicho kilikauka kwa hatua. Mkataba wa biashara wa mwaka 1838 kati ya Uingereza na Milki ya Osmani uliwafungulia mlango wauzaji wa Kiingereza, na kitambaa cha mashine kikaanza kubana soko la kitambaa cha mkono. Pigo kubwa lilikuja na vita vya 1877 na 1878, Urusi ilipoishinda Milki ya Osmani na Bulgaria ikapata dola yake. Kwa Wabulgaria wengi ulikuwa ukombozi, nao wanauadhimisha kwa haki. Kwa biashara ya aba ulikuwa msiba, maana mteja wake mkubwa, jeshi la sultani, sasa alianza kuiponyoka. Mkataba wa Berlin wa 1878 uliifanya Plovdiv mji mkuu wa jimbo la Rumelia ya Mashariki, lililotengwa na Bulgaria, na kwa miaka saba ikawa na baraza lake, gavana wake na magazeti yake. Tarehe 6 Septemba 1885, kwa kalenda ya wakati ule, muungano na Bulgaria ulitangazwa Plovdiv kwenyewe, na mji mkuu wa nchi iliyoungana ukabaki Sofia. Wakati huo Plovdiv ilikuwa na watu kama 33,000, na Sofia miaka michache kabla ilikuwa na kama 20,000. Mji mkubwa ulijitoa uwe mdogo wa mwingine. Wizara, balozi, makao ya mabenki na majengo ya fahari vilikwenda Sofia, na tangu hapo pengo kati ya miji hii miwili likazidi kupanuka.

Waliobaki na fedha Plovdiv nao hawakubaki mlimani. Reli kutoka Istanbul ilifika mwaka 1873, na stesheni ilijengwa uwandani, kusini mwa vilima, kwa sababu garimoshi halipandi mwamba. Maghala yakafuata stesheni, mahoteli yakafuata maghala, na wenye mali wakataka barabara pana ambazo gari la farasi, kisha motokaa, lingeweza kupita. Juu kule, barabara zenye mteremko na kona kali hazikumfaa tena mtu wa biashara. Kisha wenye nyumba wenyewe wakaanza kuondoka. Mwaka 1906, ghasia dhidi ya Wagiriki ziliikumba Plovdiv na miji mingine ya Bulgaria, makanisa na shule zao zikatwaliwa, na mkataba wa 1919 kati ya Bulgaria na Ugiriki ukakamilisha kuhama kwao. Hilo ni doa katika historia ya mji, na sioni sababu ya kulipita harakaharaka kwa kuwa tumekuja kutazama dari nzuri. Mji huohuo, ni lazima kusema pia, ulifanya jambo la kuheshimika mwezi Machi 1943: Wayahudi wake wapatao 1,500 walipokamatwa ili wasafirishwe kwenda kuuawa, askofu mkuu Kiril aliingia kusimama nao katika shule walimofungiwa, akapinga kwa serikali na kwa mfalme, na watu wale wakaachiliwa.

Turudi kwenye nyumba. Jumba lile la Koyumdzhioglu, lenye madirisha yale yote, baada ya familia yake kuondoka lilikuwa bweni la wasichana, kisha kiwanda cha kofia, kisha ghala la unga. Naiona habari hiyo kuwa ushahidi mzito kuliko picha yoyote ya ukutani. Ghala la unga halina haja ya dari iliyochongwa. Kama kungekuwa na mtu Plovdiv mwenye fedha za kutosha na hamu ya kujenga hoteli ya ghorofa sita mahali pale, nyumba ile ingekuwa vifusi kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Kwa muda mrefu haikubomolewa, yaelekea kwa kuwa wachache walikitaka kiwanja chake. Ndivyo ilivyokuwa kwa sehemu kubwa ya mlima: waliohamia walikuwa watu wa kipato kidogo, waliogawana kumbi za matajiri kwa mapazia na mbao, wakaziba bati palipovuja, na hawakuwa na uwezo wa kubadili umbo la kitu. Miji mingi ya Ulaya iliyotajirika katika karne hizi mbili ilivunja mitaa yake ya zamani kwa mikono yake yenyewe. Paris ya leo ni Paris iliyobomolewa na kujengwa upya katika miaka ya 1850 na 1860. Mlima wa Plovdiv haukupata fedha za kujibomoa.

Msomaji makini atapinga hapa, na ana haki. Atasema Plovdiv haikuwa masikini hata kidogo baada ya 1885. Mwaka 1892 ndiyo iliyoandaa maonyesho ya kwanza ya kilimo na viwanda ya Bulgaria, na hadi leo maonyesho ya kimataifa ya biashara hufanyika huko. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 ikawa mji wa tumbaku: majani yalishuka kutoka Rhodope na mabonde ya kusini, maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, wakayachambua na kuyafunga marobota katika maghala makubwa ya matofali karibu na stesheni, na Ujerumani ikayanunua kwa wingi katika miaka ya 1930. Yote haya ni kweli, na hayaivunji hoja yangu; yanainyoosha tu. Fedha za tumbaku zilikaa uwandani. Palipokuwa na fedha, mji wa kale haukusalimika. Mfano ulio wazi ni kilima cha Markovo Tepe. Plovdiv ilisifika kwa vilima vyake saba vya mwamba mgumu wa aina ya sayeniti. Leo viko sita. Cha saba kilichongwa na kupasuliwa miaka kwa miaka ili kutoa mawe ya kutandika barabara za mji mpya, mpaka kikaisha, na mahali pake sasa pana jengo la maduka. Mawe meusi-kijivu ambayo mgeni anakanyaga mjini, kwa sehemu yake, ni kilima kilichokuwapo. Mji ulioweza kula kilima kizima ulipokuwa na haja nacho usingeshindwa kuvunja nyumba mia za mbao na udongo, kama ungekuwa na haja na viwanja vyake.

Pingamizi la pili ni kali zaidi. Ukosefu wa fedha hauhifadhi kitu, watu watasema, unakiozesha. Na sisi wa pwani ya Afrika Mashariki hatuhitaji kufundishwa hilo. Mji Mkongwe wa Zanzibar, nao uliojengwa kwa biashara ya Bahari ya Hindi na kuachwa na wenye mali wake, umepoteza majumba mengi kwa mvua na chumvi, na mwaka 2020 sehemu kubwa ya jumba la Beit al-Ajaib iliporomoka ingawa mji huo umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Nalikubali pingamizi hili kwa uzito wake wote. Kuachwa kunatoa muda tu, na muda huo una mwisho. Nyumba ya mbao na udongo isiyoezekwa vizuri haipiti miongo mingi. Kilichoiokoa Plovdiv ni kwamba kabla muda haujaisha kulikuwa na watu waliochukua hatua. Msanifu Hristo Peev alizipima na kuzichora nyumba za mlimani moja baada ya nyingine, wakati ambapo wengi waliziona vibanda vya zamani. Mwaka 1956 serikali ya kijamaa iliutangaza mlima kuwa eneo la hifadhi, na katika miaka iliyofuata mafundi walifundishwa upya uchongaji na upakaji wa chokaa ya rangi. Nyumba ya Balabanov inaonyesha thamani ya kazi hiyo: ya awali ilibomolewa, nayo iliyopo ilijengwa upya mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa kufuata vipimo alivyoacha Peev.

Wapo watakaouliza kama nyumba iliyojengwa upya ni ya kale kweli. Kwa maoni yangu swali hilo lina uzito katika makumbusho ya vito, si katika mji. Nyumba ya mbao haijawahi kuwa kitu cha kujengwa mara moja. Boriti huliwa na wadudu, paa huezekwa tena, rangi hupakwa kila kizazi. Kinachodumu ni kipimo, umbo na ujuzi wa mkono, na hivyo ndivyo Peev na mafundi waliomfuata walivyovikomboa. Jambo la kusikitikia ni jingine: nyumba nyingi zimekuwa makumbusho, na wakazi wa kawaida wamepungua. Mlima una watu wengi mchana, usiku una wachache. Si nyumba tu zilizookolewa na kuachwa. Ukumbi wa Kirumi wa maonyesho, ulioko kwenye bega la kilima na kuchukua maelfu ya watu, ulijitokeza na kuchimbuliwa katika miaka ya 1970 na kufunguliwa tena mwanzoni mwa miaka ya 1980. Leo huimbwa opera humo majira ya kiangazi, mji mzima ukiwa chini ya macho ya watazamaji. Ukumbi huo nao ulilala salama kwa sababu kwa karne nyingi hakuna aliyechimba msingi mkubwa mahali pale.

Pingamizi la tatu ni la mchumi. Bei za Plovdiv ni ndogo, atasema, kwa sababu mishahara ya Bulgaria ni miongoni mwa ile ya chini kabisa katika Umoja wa Ulaya. Historia ya sufu inahusianaje na bei ya supu? Ni kweli kwamba mshahara ndio unaopanga bei ya supu. Lakini mshahara nao una historia, na ya Bulgaria ni ndefu: nchi iliyokatwa kutoka kwenye masoko yake ya zamani, iliyoingia katika uchumi wa kijamaa baada ya 1944, ikaporomoka tena mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kuingia Umoja wa Ulaya mwaka 2007 ikiwa nyuma ya wenzake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Bulgaria ilikuwa na karibu watu milioni 9. Sensa ya 2021 ilihesabu kama milioni 6.5. Vijana walikwenda Ujerumani, Uhispania na Uingereza. Mgeni anapofurahia kitanda cha bei ya chini na sahani ya nyama ya kuchoma kwa fedha kidogo, anafaidi tofauti kati ya mshahara wa anakotoka na mshahara wa mpishi aliye mbele yake, mshahara uleule uliomfanya ndugu wa mpishi huyo ahame. Msafiri kutoka Dar es Salaam au Nairobi anaijua tofauti hiyo kutoka upande wa pili, kwa kuwa ndiyo inayowaleta wageni wa Ulaya mbugani na ufukweni kwetu. Hilo linapaswa kumfanya awe mgeni bora Plovdiv kuliko wengine, asiyebishania senti kwa muuza matunda wa sokoni.

Kwa msafiri wa namna hiyo, namna ya kuizunguka Plovdiv inafuata hoja hii yenyewe. Vitabu vya wageni humpeleka moja kwa moja mlimani. Ningemshauri aanzie stesheni, kwenye maghala ya tumbaku, apite barabara kuu iliyo juu ya uwanja wa Kirumi, aingie Kapana, mtaa wa mafundi ambao vichochoro vyake bado vina majina ya kazi za zamani, ya aba, ya chuma, ya dhahabu, ndipo apande. Akifanya hivyo atakuwa anarudi nyuma katika njia ambayo fedha ziliteremkia. Karibu na kanisa kuu la Kikatoliki apitie basilika ya kale iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2021: sakafu yake ya vijiwe vya rangi, ya karne ya 4 na ya 5, ina ukubwa wa zaidi ya mita za mraba 2,000 na picha za ndege zaidi ya mia. Iligunduliwa katika miaka ya 1980 wakati wa ujenzi wa barabara, na ikangoja miongo mingi mpaka fedha za kuifunika na kuionyesha zipatikane. Wageni kutoka kwetu wanaipata Plovdiv kwa wepesi zaidi sasa, maana tangu Januari 2025 Bulgaria imo kikamilifu katika eneo la Schengen, na viza inayofungua Ufaransa na Italia inafungua na huko.

Urahisi huohuo ndio unaoleta hatari mpya. Kapana, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mtaa uliochakaa wa kuegesha magari, ilianza kufufuliwa mwaka 2014 kwa karakana za wasanii, na mwaka 2019 Plovdiv ikawa mji mkuu wa utamaduni wa Ulaya pamoja na Matera ya Italia. Tangu hapo baa na migahawa imezidi kujipenyeza mahali pa karakana. Januari 2026 nchi iliacha fedha yake, lev, ikaanza kutumia euro. Fedha zinarudi, na zinaporudi hutafuta viwanja. Maghala ya tumbaku yameshaonja jambo hilo: mwezi Machi 2016 mashine zilianza kubomoa mojawapo, jengo lililo katika orodha ya urithi, na wananchi wakakusanyika kulizunguka mpaka kazi ikasimama; Agosti mwaka huohuo moto ukateketeza mengine. Nyumba za mlimani zililindwa kwanza na kusahauliwa, kisha na sheria. Maghala ya uwandani hayakuwahi kusahauliwa hata siku moja, kwa hiyo sheria ndiyo kinga yao pekee, pamoja na watu wa Plovdiv wanaoweza kutoka nyumbani na kusimama mbele ya mashine.